Mshono wa Nyuma

Mizani ya zahanati ilimwaibisha mwoka mikate mbele za watu, na mwoka mikate hakuwa mtu wa kusahau. Alipanda, sindano ikakimbia mpaka mwisho wa namba ikagota, na yule nesi kijana, badala ya kumeza mate na kunyamaza, akamwita mwenzake aje aone. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Jioni ile, mikono bado imejaa unga, mwoka mikate aliapa kwamba hatapanda tena mizani yoyote mpaka siku ya kupimiwa jeneza.

"Jeneza hawapimi kwa kilo," mkewe alimwambia. "Wanapima kwa kamba. Utafurahi."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye akamwita hivyo hivyo, hata kitandani. Mume mwenyewe waliomjua walimwita Gunia. Jina hilo lilitoka kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi, siku aliyoketi kupumzika katikati ya magunia ya unga, mtunza ghala akapita na kalamu yake, akamhesabu. Gunia alilipenda jina lake. Alikuwa wa kwanza kulisimulia na wa mwisho kuacha kulicheka.

Safari hii, hata hivyo, kicheko kilikauka mapema. Daktari alimwambia ana sukari. Alimpa vidonge, akamwambia apunguze mwili, atembee kila asubuhi, na mikate awaachie wanaoinunua.

"Ukiuchezea ugonjwa huu," daktari alisema bila kuinua macho kwenye meza, "unaanza macho, unakwenda figo, unashuka miguuni. Hauna haraka. Una subira kuliko wewe."

Fundi alikuwa kando, pochi mapajani. Maneno mengine aliyaacha pale pale zahanati, lakini lile la subira lilipanda naye basi, likaingia naye nyumbani, na tangu siku ile alikuwa akiliona limekaa kwenye kona ya chumba kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Kwa kuwa mizani ilikuwa imeapiwa, ilibidi kitafutwe kipimo kingine. Gunia akachagua suruali yake ya kijivu. Ilikuwa suruali nzito ya heshima, Fundi alimshonea mwenyewe zamani wakati watoto wao bado wanasoma, na sasa kifungo chake kilifungwa kwa Gunia kulala chali, kuvuta pumzi na kuomba. Kila Jumamosi baada ya kuoga angeivaa mbele ya kioo cha wateja, kwenye chumba cha cherehani.

"Hii haina nesi," alisema, akiipigapiga suruali kama ng'ombe aliyemnunua kwa bei nzuri.

Alianza vizuri. Kabla ya kwenda kazini alizunguka mtaa mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, anahema kama mtu anayesukuma gari. Chai akainywa bila sukari, uso umekunjamana. Kiwandani, mikate iliyovunjika ilipotengwa kwenye trei kwa ajili ya wafanyakazi, aligeuza uso akaangalia ukuta. Wenzake wakawa wanampitishia trei chini ya pua makusudi.

"Gunia, hiki kipande kinakulilia."

"Kiambie baba yake amesafiri."

Halafu goti likavimba. Akapumzika, na mapumziko yakanoga. Halafu tanuri likaharibika siku moja, mikate ikatoka imekunjamana mgongo, haiuziki, msimamizi akawagawia wote wabebe nyumbani. Gunia alibeba sehemu yake, lakini nyumbani haikufika. Jumamosi iliyofuata suruali ya kijivu iligoma kabisa. Kifungo na tundu vilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombana. Gunia akaketi ukingoni mwa kitanda, suruali imeishia mapajani.

"Naacha, Fundi. Nife nimeshiba, mnizike mzima mzima."

"Usiseme hivyo."

"Nilale na njaa, niamke na goti, na bado niwe gunia? Basi niwe gunia lililojaa."

Kesho yake asubuhi Fundi alisikiliza sauti ya viatu vikifungwa kamba. Hakuisikia. Siku iliyofuata pia hakuisikia. Alimtazama mumewe amegeukia ukutani, mgongo mpana unapanda na kushuka, akaona ule ugonjwa wenye subira umesogeza kiti karibu.

Sasa, fundi aliyefunzwa vizuri haukati mshono wa nyuma wa suruali ya kiume ukaisha pale pale. Huacha kitambaa cha ziada kimekunjwa kwa ndani, kwa sababu wanaume hunenepa na hawapendi kuambiwa. Gunia alipokwenda kazini, Fundi aliifumua suruali ya kijivu nyuma ya kiuno, akausogeza mshono upana wa kidole kimoja, akaushona upya. Alama za uzi wa zamani alizifuta kwa pasi na kitambaa kibichi. Kazi safi. Hata mwalimu wake wa ushonaji, aliyekuwa na jicho la polisi, asingeiona.

Jumamosi akampa moyo: "Ijaribu tu. Kujaribu hakuna hasara."

Kifungo kiliingia. Kiliingia Gunia akiwa amesimama, akipumua kama binadamu wa kawaida. Alijitazama kwenye kioo, akajigeuza upande, akarudi.

"Fundi! Njoo! Fundi, njoo uone miujiza!"

Fundi akaja, akaona, akapiga vigelegele vya uongo ambavyo katikati viligeuka kuwa vya kweli, maana uso wa mumewe siku ile ulikuwa uso wa yule kijana aliyemchumbia. Jumatatu viatu vikafungwa kamba.

Tangu hapo ikawa dawa yake ya siri. Gunia akikata tamaa, mshono unasogea. Wako wanaowavika wenzao kilemba cha ukoka. Fundi alimvika mumewe suruali nzima. Aliona hana kosa. Aliona amemshika kiuno mtu anayepanda ngazi, basi. Mara ya tatu kitambaa cha akiba kiliisha, na alipokuwa akikata uzi kwa meno alijiambia kwamba mtu sasa amekwishapata mwendo, atajiendea mwenyewe.

Jambo moja tu alilikwepa. Hakumpima tena mumewe. Utepe wa kupimia, uliokaa shingoni mwake mchana kutwa, alikuwa akiuvua Gunia anapoingia mlangoni na kuutia mfukoni. Alipomshonea shati jipya alikata kwa vipimo vya zamani. Aliogopa Gunia atauliza, "Utepe unasemaje?", na utepe ulikuwa kitu pekee nyumbani mle kisichojua kudanganya.

Na Gunia akaendelea. Loo, aliendelea! Jumamosi moja suruali ilicheza kiunoni hata akaikamata kwa mkono, akacheza naye Fundi kati ya cherehani na meza ya kukatia. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Ndani ya kicheko alijiuliza jambo dogo: mshono hajaugusa siku nyingi, mbona imezidi kulegea? Akajijibu haraka: ni kutembea. Ameanza kupungua kweli. Nusu yangu, nusu yake.

Kiu ilianza wakati ule. Gunia alikunywa jagi zima amesimama, akaenda kujaza lingine.

"Maji yanasafisha," alisema. "Yanaua njaa pia."

Akawa anakwenda chooni kila mara, na hilo nalo akalitafutia maelezo: maji yakiingia lazima yatoke. Akirudi kutoka kazini alilala kwenye kiti na aproni yake, mdomo wazi. Mazoezi yanachosha. Akasema saa ya ukutani kiwandani imefifia namba, wanunue nyingine. Saa haikuwa na tatizo, lakini Fundi hakuwa kiwandani kuiona.

Alichokiona ni sisimizi. Walipanga mstari mwembamba kutoka nyufa za uani, wakapita chini ya mlango wa choo, wakaingia. Aliwamwagia maji ya moto. Kesho yake walikuwa wamerudi, njia ile ile, bila vurugu, kama watu wanaokwenda kazini. Akawamwagia tena. Hakujiuliza wanafuata nini mle ndani, mahali pasipo na chakula. Alilalamika tu kwamba sabuni siku hizi haina nguvu.

Aliyeuvunja utulivu ni wifi yake, dada mkubwa wa Gunia, mwanamke mwenye ulimi wa kunyolea. Alifika mchana, akamkuta mdogo wake anasinzia kibarazani, akamtazama kwa muda mrefu kabla ya kuingia ndani. Hakusalimia.

"Wifi, huyu mtu ana nini?"

"Hata hujambo hakuna?"

"Hujambo. Ana nini? Shingo inaelea ndani ya kola."

Fundi akachekea cherehani. "Anafanya mazoezi. Anakula majani. Kila asubuhi yuko njiani."

"Mazoezi gani yanakula mashavu?"

"Ee Mungu wangu! Alipokuwa mnene ulisema nampa mafuta ili afe nirithi nyumba. Amekonda, sasa unasema simlishi. Chagua kosa moja, wifi, nilijue."

Siku nyingine wifi angecheka na kurudisha kombora kubwa zaidi. Hakucheka. Aliletewa chakula akakichokonoa, akakiacha. Fundi alimwonea huruma kidogo, kwa sababu alijua siri ambayo wifi hakuijua: nusu ya kukonda huko imo kwenye mshono. Wifi ameona nguo inapwaya, akamlilia mtu. Ilikuwa ajabu ya kuchekesha, fundi kumdanganya mume na kumpata dada mtu.

Getini, wifi alimshika mkono akaubana.

"Mimi ndiye niliyewauguza wazazi wetu, wote wawili. Namjua anayekonda kwa kupenda. Na yule mwingine namjua."

"Wifi, usiyaite mabaya."

"Siyaiti," wifi alisema. "Nimeyakuta yamekaa."

Fundi alirudi ndani akafuta meza, akaifuta tena. Wiki ile sindano ilimchoma kidole mara kwa mara, yeye ambaye wateja walisema anashona amefumba macho.

Jumamosi, Gunia aliingia chumba cha cherehani ameshika suruali ya kijivu kwa ngumi, isianguke. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kura.

"Fundi wangu, heshima yangu inakaribia kuniacha barabarani. Iingize kiunoni."

"Vaa mkanda."

"Mkanda nimeutoboa matundu mapya kwa msumari mpaka umebaki matundu matupu. Iingize bwana. Nimeifanyia kazi."

"Nina nguo za watu hapa."

"Na mimi si mtu? Njoo nipime." Akanyanyua mikono yote miwili kama wanavyofanya wateja, akangoja.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Fundi alitoa utepe mfukoni, akauzungusha kiunoni kwa mumewe, na mikono yake ikajua kabla ya macho kusoma. Maana mikono ilijua mshono umesogea vidole vitatu, basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa madanganyo yake yote. Lakini kati ya suruali na tumbo iliingia ngumi nzima, na ngumi ya pili ikafuata bila kusukumwa. Chini ya utepe hakukuwa na Gunia. Kulikuwa na mfupa wa nyonga umetokeza kama mpini, na ngozi juu yake imelegea, kavu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kupita kiasi.

"Unasemaje?" Gunia aliuliza kwa juu, anajibana kicheko. Ulimi wake ulinata mdomoni alipozungumza, ukafanya sauti ndogo kama plasta inayobanduliwa.

Fundi alikuwa amepiga magoti, kichwa kimefika tumboni kwa mumewe, na ghafla wale sisimizi walipita wote akilini mwake, mstari mmoja, wakifuata sukari chooni, hawana haraka.

"Vidonge unakunywa?"

"Vidonge gani?"

"Vya daktari. Vya sukari."

"Ah, hivyo!" Gunia alishusha mikono. "Niliacha zamani. Vilikuwa vinanichafua tumbo. Siku ile kifungo kilipoingia nimesimama, nikajua mwili umeshakubali, wa nini tena kuulisha dawa? Sikukuambia kwa sababu ungepiga kelele."

"Siku ile ya kwanza?"

"Siku ile ya miujiza."

Fundi aliketi sakafuni, juu ya vipande vya nguo za watu. Alitaka kusema twende hospitali, na akajua jibu atakalopewa: hospitali kufanya nini, si unaona nilivyo? Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa pale.

"Vua," alisema.

"Mchana huu?" Gunia akakonyeza. "Haya. Mwembamba nina soko."

"Vua, baba. Nakuomba."

Alikitia kiwembe kwenye mshono wa nyuma, ukafunguka kwa mlio mmoja mrefu. Akaukunjua mbele ya dirisha. Pale palipokuwa pamejificha ndani miaka yote, kitambaa kilikuwa cha kijivu kizito, kipya, hakijaona jua. Pembeni yake kijivu kilichopauka. Na katikati, ukipaangalia kwa mwanga, safu tatu za matundu ya sindano, moja baada ya nyingine, kama nyayo za mtu anayerudi nyuma.

"Hii ni mimi," Fundi alisema. "Kila ulipotaka kuacha, niliiachia. Siku ya miujiza ilikuwa mimi."

Gunia alicheka. Akaangalia tena, kwa kusogeza kitambaa mbali kisha karibu na macho, akaacha kucheka.

"Na siku tuliyocheza?"

"Siku hiyo sikuwa nimeigusa."

"Basi hiyo ilikuwa yangu," alisema haraka, kama mtu anayedaka kikombe kisianguke.

Fundi alimtazama usoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alimtazama mtu, si nguo; akayaona mashavu, akayaona macho yalivyorudi ndani.

"Haikuwa yako pia," alisema. "Ilikuwa ya sukari."

Gunia alibaki amesimama na chupi yake na soksi za kutembelea, ambazo siku hizo alikuwa hazivui hata nyumbani. Alisema anataka maji. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, akashika ukingo wa meza ya kukatia, meza ikaja naye mpaka sakafuni.

Jirani mwenye teksi aliwapeleka. Njia nzima Gunia alizungumza maneno yasiyo na kichwa, akiwaambia watu wasiokuwepo watoe trei, mikate inaungua. Halafu kichwa chake kikalala begani kwa mkewe.

Hospitalini wakamtundikia dripu, wakamchoma huku na huku. Nesi, mwanamke wa makamo asiye na papara, alianza kumvua soksi. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilikataa. Akailowesha kwa maji ya chumvi, akaivuta taratibu, akainama, kisha akamtazama Fundi.

"Hakuwahi kulalamika maumivu?"

"Wapi?"

Nesi alisogea pembeni ili Fundi aone. Kiatu cha kutembelea kilikuwa kimemchuna kidole gumba, siku nyingi zilizopita, na Gunia hakuhisi kitu. Alitembea juu ya kidonda kila asubuhi, kwa bidii, bila kukosa, akijivunia.

Daktari wa zamu alimwita Fundi koridoni. Alisema sukari wataishusha. Kuhusu mguu watatazama asubuhi. Kama weusi utakuwa umebaki kidoleni, watakata kidole, na kama utakuwa umepanda, watazungumza tena. Alisema "watazungumza tena" kwa sauti ya upole sana.

Mchana wa siku iliyofuata Gunia alifumbua macho. Alimtafuta mkewe, akampata, akalamba midomo.

"Wifi yako amejua?"

"Yuko njiani."

"Basi nimekwisha." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likashuka. "Fundi, hawa watu kila anayepita anafunua shuka kule chini na kufunika. Hawasemi. Kuna nini? Mimi sisikii kitu."

Fundi alilihisi jibu likimjia. Lilikuja lenyewe, limeshonwa vizuri, limepigwa pasi: mchubuko tu, kiatu kilikubana, watafunga bendeji, utarudi kutembea. Lingemwingia bila kubana popote. Angelala na furaha mpaka kesho.

"Kidole gumba cha kushoto kimeoza," alisema. "Kimekuwa cheusi. Watakikata."

Gunia alitazama dari.

"Kimoja?"

"Kimoja walichoniambia."

"Na mtu hutembea na vidole vingapi?"

"Sijui."

"Nami sijui." Alivuta pumzi ndefu, ikatoka vipande vipande. "Nilikuwa nakwenda kila siku, Fundi. Hilo hukulishona wewe. Wakinibakishia mguu, nitakwenda tena, na vidonge vyao nitakunywa. Lakini kuanzia sasa wewe ndiye macho yangu, maana yangu yamejaa ukungu. Angalia kule. Niambie unachokiona, usinipunguzie."

Fundi alivuta kiti mpaka miguuni mwa kitanda, akafunua shuka. Kidole gumba kilikuwa kama alivyokiacha asubuhi. Akainama zaidi, akaugeuza mguu kuelekea mwanga wa dirisha, mikono yake imetulia kama ipo kazini.

"Haya," Gunia alisema. "Nakusikiliza."

"Cha kwanza ni cheusi mpaka kwenye kiungo," alianza. "Cha pili kina rangi ya kwako." Akasogeza uso karibu, akaona doa jeusi, akalifuta kwa ncha ya kidole chake akidhani ni uchafu. Halikufutika.

"Sema," mumewe alisema.

Akasema.